Kilomita za ndege, masaa ya hewani na saa ya kufika: vitu vitatu tofauti

Juzi tumekaa barazani Mikindani mpwa wangu kanionyesha tiketi yake ya kwenda Guangzhou kufuata mzigo, ndo safari yake ya kwanza. Imeandikwa anatoka Dar 23:00 anafika 15:00 kesho yake. Akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Mjomba, masaa 16 yote hewani?" Hapana. Ni kama 11 tu, na hapa wengi wanachanganya kwahiyo ngoja nieleze taratibu.

Umbali wa ndege ni ule mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia toka mji mmoja mpaka mwingine. Mtwara na Dar kwa basi ni kama kilomita 560, maana barabara inapita Lindi, inakata Nangurukuru, inafuata daraja la Mkapa pale Rufiji, ila kwa juu ni kama 400 tu. Dar na Guangzhou ni kama 8,700.

Sasa kwenye miji ya mbali sana huo mstari unashangaza. Chukua chungwa na uzi wa kushonea, chomeka pini mbili juu kidogo ya kiuno cha chungwa, moja upande huu na nyingine karibu upande wa pili kabisa, halafu vuta uzi ukaze. Utaona uzi haukubali kuzunguka kiunoni, unapanda wenyewe kule kwenye kikonyo kwasababu ndo njia fupi. Ndege za Doha kwenda Los Angeles zinafanya hivyohivyo, zinapanda kaskazini karibu na barafu za ncha ya dunia, wakati ukiangalia ramani ya ukutani unaona zingekatisha tu Afrika na bahari. Ramani imelazwa bapa, dunia ni duara.

Masaa ya hewani ni hesabu nyingine. Ndege kubwa ikishatulia juu inakimbia kama kilomita 900 kwa saa, ukigawa 8,700 unapata masaa 9 na dakika 40, ongeza muda wa kupanda, kushuka na kukwepa mawingu mabaya. Kuna upepo pia. Huko juu kilomita 10 hivi, hasa kaskazini, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, ndo maana London kwenda New York ni kama masaa 8 lakini kurudi ni 7 au pungufu, umbali uleule.

Cha tatu ni saa ya kufika, na hii ndo ilimkamata mpwa wangu. Tiketi inaandika saa ya mji unaotoka kwa kuondoka, na saa ya mji unaofika kwa kufika. China wako mbele yetu masaa 5, kwahiyo 16 toa 5, inabaki 11. Akirudi itakuwa kinyume, anajumlisha 5, tiketi itaonyesha kama safari ya masaa 6 hivi na asidhani kapata ndege ya mwendokasi.

Nikamwambia mwambie na mama yako, ukishuka kule saa 9 alasiri huku Mikindani ndo kwanza saa 4 asubuhi, akae na simu muda huo asisubiri jioni.