Tarumbeta za msibani na nyasi za toba

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mgeni kutoka Ujerumani, mchungaji mwenzangu wa Kilutheri, kwenye mazishi huko Old Moshi, kwetu Uchagani, mkoani Kilimanjaro. Jeneza lilitolewa nyumbani likapitishwa katikati ya migomba hadi kaburi lililochimbwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na mbele yake walitangulia vijana saba wakipiga kwa tarumbeta wimbo wa polepole ambao mgeni wangu aliujua tangu utotoni. Jioni, tulipokuwa tukinywa chai, akaniuliza kwa upole: "Nyimbo hizi ni zetu, na vyombo hivi ni vyetu. Vya kwenu viko wapi?"

Mimi ni mwalimu wa liturujia, yaani utaratibu wa ibada, na swali hilo nimeulizwa kwa sura nyingi, mara nyingi na watu wema wanaoona haya kwa yale yaliyoletwa na babu zao. Tatizo ni kwamba linachukulia kuwa kitu kina mwenyewe mmoja tu, yaani yule aliyekuwa nacho kwanza. Huku Uchagani nimewasikia ndugu wakinung'unika mwaka mzima kwamba marehemu wao "hakusindikizwa", kwa sababu tu siku ya mazishi tarumbeta hazikupatikana. Watu hawanung'uniki hivyo kwa ajili ya kitu cha kuazima. Ndiyo maana ninapotaka kujua kama ibada fulani imeingia katika maisha ya watu, siangalii Jumapili ya sikukuu kanisa linapopambwa kwa vitenge. Naangalia msibani, na naangalia watu wanapogombana.

Ni kweli kwamba mwanzo haukuwa mwepesi. Wamisionari wa Kilutheri waliotumwa na misioni ya Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na mwaka 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru. Injili haikuja milimani kama mgeni wa harusi. Ilikuja wakati mmoja na bunduki za wakoloni, na watu hawakuwa na sababu ya kuzitofautisha. Hata hivyo, mwaka ninaowasomesha wanafunzi wangu kwa kirefu zaidi ni 1920, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Hakukuwa tena na mzungu aliyesimama mbele akisikiliza kama wimbo umeimbwa sawasawa, na nyimbo zikaendelea kuimbwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo zilipopata mwenyewe mpya.

Wapo wamisionari walioliona jambo hili mapema. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi hadi aliporudi kwao mwaka 1938, aliona kwamba Mchagga hamwendei Mungu peke yake bali pamoja na ukoo wake, majirani zake na watu wa rika lake. Akachukua desturi ya vijana wa rika kufungamana kama wenye ngao moja, akaiingiza katika mafundisho ya kipaimara, ili kila kijana awe na mwenzake wa kumwangalia. Alikosea pia, kwa kuupenda Uchaga wa zamani kiasi cha kuona karibu kila jipya kuwa hatari, na wazee wetu waliotaka shule na kahawa hawakumsubiri. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko la mgeni wangu, kwa sababu aliuliza watu hawa wameshikanaje, wala hakuishia kuuliza wanapiga chombo gani.

Nikubali kwamba si kila kilichotafsiriwa kilikaa vizuri. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya nyimbo za Kijerumani huishia kwenye pigo zito. Mfasiri anapoweka jina la Yesu mwishoni mwa mstari kama huo, waimbaji hulazimika kutamka "ye-SU", na neno "Bwana" likawa "bwa-NA". Tumezoea, lakini mpe mtoto wa miaka mitano wimbo huo na umsikilize akiusahihisha bila kuambiwa. Ndiyo sababu "Mfurahini, Haleluya", ambao maneno yake yaliandikwa na Mtanzania Bernard Kyamanywa mwaka 1966 kwa sauti ya Kihaya, hauhitaji mwalimu wa kwaya: maneno na sauti vinatembea kwa mguu mmoja. Wimbo huo ulitafsiriwa kwa Kijerumani, nao sasa umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya huko, namba 116. Nilipomkumbusha mgeni wangu kwamba Pasaka kwao huimba wimbo wetu, alicheka, akakiri kwamba hajawahi kuuona kama kitu cha kuazima.

Haya yote ningeweza kuyasema kwa kujiamini zaidi kama nisingekuwa na kosa langu mwenyewe. Nikiwa kijana, nilitumwa kuhudumu kwenye mtaa mmoja wa Wamasai upande wa Longido, ambako ibada ilifanyika chini ya mgunga. Jumapili ya tatu, nilipokuwa nikisoma sala ya toba, mwanamume mmoja alisimama, akainama, akang'oa nyasi mkono mmoja, akabaki amezishika huku akimtazama mwenzake aliyekaa upande wa pili. Mimi niliona mtu anayevuruga utaratibu. Nikamwashiria mwinjilisti amketishe, nikaendelea na tangazo la ondoleo la dhambi kama lilivyoandikwa. Yule bwana aliketi, na nyasi akaziacha zidondoke.

Baada ya ibada mzee mmoja alinisogelea, akanipa mkono, akasema taratibu: "Mchungaji, umetusomea maneno ya toba. Yule alitaka kutubu, ukamwambia akae."

Kwa Wamasai, anayeshika nyasi mbele ya aliyemkosea anaomba amani, na si jambo dogo kumpuuza. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba sikuwa na kisingizio cha ugeni. Nyumbani kwetu, kwenye mpaka wa kihamba cha bibi, umeota mmea uitwao sale, na tangu nikiwa mtoto najua kwamba mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha, hukatai. Nilikuwa na ufunguo mfukoni, lakini kwa kuwa nilivaa joho na kushika kitabu, sikukumbuka kwamba ninao.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kidogo kwa mapendekezo ya kutandika shuka jekundu madhabahuni na kusema ibada imekuwa ya Kimasai. Shuka halina kosa, ila ni rahisi kutandika shuka kuliko kumwacha mtu akatize liturujia yako.

Wanafunzi huniuliza watajuaje kama wameitwa kwenda kwa watu wasio wa kwao. Kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, kinasema mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti kanisani pasipo kuitwa ipasavyo, na sisi Walutheri tumezoea kuelewa kwamba anayeita kwa niaba ya Mungu ni kanisa lenyewe, kwa barua na kwa kuwekewa mikono. Mimi huongeza kwamba anayevuka kwenda kwa wengine anaitwa mara mbili, kwa wanaomtuma na kwa wanaompokea, na wito huu wa pili hauandikwi popote. Mimi niliupata pale mzee aliponirekebisha badala ya kuninyamazia. Angeninyamazia, ningehudumu miaka miwili nikidhani mambo ni mazuri.

Yule bwana wa nyasi nilimfuata nyumbani kwake wiki hiyo hiyo pamoja na mwinjilisti. Ugomvi ulihusu ng'ombe, kama nilivyodhani, na ulimalizwa na wazee bila msaada wangu. Mimi bado naenda kule mara moja kwa mwaka kuhubiri. Nikimaliza sala ya toba hufunga kitabu na kunyamaza, na hapo simi tena ninayeamua kimya kiishe lini. Mwinjilisti huwatazama watu, akiona hakuna aliyebaki amesimama, huniinamishia kichwa, nami huendelea.