Mshahara wa mbunge wa Kenya hupangwa na nani?

Habari ya nyongeza ikitoka tu, ndani ya matatu utasikia: “Wamejiongezea tena!” Zamani lawama hiyo ilikuwa na msingi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 230, iliikabidhi Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) kazi ya kupanga mishahara ya maafisa wa dola, wabunge wakiwemo.

Chukua Julai 2024. Ile nyongeza iliyozua hasira vijana wakiwa barabarani wakiandamana haikupigiwa kura bungeni. SRC ilikuwa imeichapisha katika gazeti rasmi la serikali tangu Agosti 2023, ianze yenyewe mwaka mpya wa fedha ukiingia. Kelele zilipozidi, tume hiyohiyo ikaisimamisha.

Hilo haliwatakasi wabunge. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Bunge, chombo cha bunge lenyewe, iliwapa marupurupu ya nyumba, shilingi 250,000 kwa mwezi, bila idhini ya SRC. Desemba 2020 Mahakama Kuu ikayabatilisha na kuamuru pesa zirudishwe. Kwa hiyo ukitaka kuwafuatilia kwa dhati, macho yako yaelekeze kwenye marupurupu. Huko ndiko wanakojaribu kujipitishia. Lalamiko la mshahara wenyewe lipeleke SRC, inapoita maoni ya wananchi.