Mchanga wa paka usiumwage chooni: fisi maji wa California wanakufa

Kila msimu wa mvua California, maswali kuhusu kinachowaua fisi maji wa baharini huongezeka, na wengi wanaouliza huja na jibu mkononi: papa. Ni kweli, papa weupe huwauma na kuwaua wengi. Lakini kuna kifo kinachoanzia majumbani, na hicho ndicho tunachowaomba Waswahili wenzetu mnaofuga paka pwani mtusaidie kukizuia.

Mayai ya vimelea vya toksoplasma hutoka kwenye kinyesi cha paka na jamaa zake, puma wakiwemo. Mvua huyasomba hadi baharini, yakanasa kwenye utelezi wa mwani. Konokono huukwangua utelezi ule, fisi maji akamla konokono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wanaotegemea konokono wadogo wa baharini walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa mara 12 zaidi ya wanaokula abaloni, konokono wakubwa wa ganda bapa. Vimelea vikifika ubongoni, mnyama hutetemeka, hushikwa na degedege, hushindwa kupiga mbizi. Asiyepiga mbizi hapati chakula, na fisi maji hana mafuta chini ya ngozi ya kumtia joto. Kila siku anahitaji chakula cha takriban robo ya uzito wake.

Bado tunaulizwa: "Majitaka ya chooni si yanatiwa dawa kabla ya kufika baharini?" Yanatiwa, lakini dawa hiyo, klorini, haiyaui mayai haya. Hili limesemwa miaka mingi sasa. Mchanga wa paka, yaani ule wa sandukuni anamojisaidia paka wa ndani, ufungwe kwenye mfuko, uende kwenye pipa la taka. Si chooni, si mtaroni.

Sheria ya California ya mwaka 2006, AB 2485, inataka mchanga wa paka unaouzwa jimboni uwe na maelezo hayo kwenye kifurushi. Sheria hiyohiyo ilipandisha faini ya juu ya kumdhuru fisi maji hadi dola 25,000. Juu yake kuna sheria za shirikisho, ya mamalia wa baharini ya 1972 na ya viumbe walio hatarini ya 1973, zenye faini na vifungo vyake. Kumsumbua nako ni kosa. Kumchukua mtoto anayelia juu ya maji ukidhani ametelekezwa ni kosa pia. Mara nyingi mama yake amezamia chakula.

Ukimkuta fisi maji ufukweni, usimguse wala usimrudishe majini. Mfunge mbwa wako. Andika mahali na saa, piga picha ukiwa mbali, kisha pigia simu kituo cha uokoaji wa wanyama wa baharini. Aliyekufa naye aripotiwe mapema, kwani mzoga ukiozea juani ubongo haupimiki tena.