Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ni nini, na kwa nini wasomaji wake hawapatani

Wasomaji wawili wamemaliza riwaya moja. Wa kwanza amekesha nayo, amelia, na anataka kuirudia. Wa pili ameitupa kando kwenye sura ya sita kwa sababu binti wa mwaka 1815 anazungumza na baba yake kama wakili wa haki za wanawake aliye mbele ya hakimu. Ukiwauliza kitabu chenyewe kina nini, watakusimulia kisa kilekile, mara nyingine hata kukutajia ukurasa uleule. Mgawanyiko wa namna hii hutokea katika kila aina ya fasihi, lakini katika riwaya ya mapenzi ya kihistoria umekuwa desturi. Sababu imo ndani ya dhana yenyewe.

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ni hadithi ndefu ya kubuni inayobebwa na mapenzi ya wahusika wake wakuu, na iliyowekwa katika zama zilizopita. Maneno hayo machache yana ahadi mbili tofauti, na kila ahadi ina historia yake na mashabiki wake.

Ahadi ya kwanza ni ya mapenzi. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimekuwa kikizitambua riwaya hizi kwa mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Sharti la pili ndilo linalowashangaza wengi. Katika riwaya ya mapenzi kama tanzu ya fasihi pendwa, msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili hawa watapatana. Anachosubiri ni namna watakavyopatana, kama vile msomaji wa hadithi ya upelelezi anavyojua muuaji atajulikana. Mwandishi anayemuua mpenzi mmoja kwenye sura ya mwisho anaweza kuwa ameandika kitabu kizuri sana, ila ameandika kitu kingine.

Ndiyo maana si kila riwaya yenye mapenzi na historia inaingia humu. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi ina Zanzibar ya enzi za ukoloni, ina harakati za kisiasa, ina Yasmin na Denge ambao mapenzi yao hayasahauliki. Lakini Yasmin hamalizi safari yake mikononi mwa Denge, na kitabu hakikuahidi hivyo popote. Siasa ndiyo inayouongoza mkondo wa kisa; mapenzi yanasukwasukwa nayo. Anayeifungua akitafuta harusi ya mwisho atalalamika, na lalamiko lake litakuwa halali kwake na lisilo na maana kwa kitabu.

Ahadi ya pili ni ya historia, na hapa swali la kwanza ni zamani ya lini. Walter Scott alipochapisha Waverley mwaka 1814, alikipa kitabu kichwa kidogo kinachosema kwamba mambo yale yalitokea miaka sitini iliyopita. Kipimo hicho hakijapotea: tuzo ya riwaya za kihistoria yenye jina lake, inayotolewa Uingereza, bado inataka sehemu kubwa ya kisa iwe imetokea angalau miaka 60 nyuma. Wengine hukubali miaka 50. Wazo ni kwamba mwandishi awe anaandika kwa kutafiti, si kwa kukumbuka.

Kwa kipimo hicho Jane Austen si mwandishi wa kihistoria, ingawa hutajwa hivyo kila mara. Riwaya zake zilichapishwa kati ya 1811 na 1817 na zilihusu watu wa wakati wake. Aliyekifanya kipindi kile kuwa uwanja wa kudumu wa hadithi za mapenzi ni Georgette Heyer, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kuanzia miaka ya 1930. Kipindi chenyewe, ambacho wapenzi wa vitabu hivi hukiita Rejensi, kilianza 1811 na kuisha 1820: Mfalme George wa Tatu alikuwa ameugua akili, mwanawe akakaimu kiti. Miaka tisa tu. Kwa idadi ya madyuki (makabaila wa cheo cha juu kabisa) vijana, watanashati na matajiri waliooa na kuachishwa ukapera ndani ya miaka hiyo tisa kwenye karatasi, Uingereza ingepaswa kuwa na dyuki kila mtaa. Madyuki halisi wa visiwa vile, nje ya ukoo wa kifalme, hawakufika 40, na wengi walikuwa wazee au wenye wake tayari.

Hakuna anayekasirikia madyuki hao, na hilo ni jambo la kuangaliwa. Wasomaji wanaodai ukweli wa kihistoria hawadai ukweli wote. Mhusika mkuu ana meno yote thelathini na mawili na hanuki jasho baada ya siku tatu juu ya farasi, na hatumsikii msomaji akilalama. Lakini akiwasha mshumaa kwa kiberiti mwaka 1815, kuna atakayekumbuka kwamba viberiti vya kusugua vilianza kuuzwa na John Walker mwaka 1827, na kitabu kitapoteza nyota mbili katika tathmini yake. Kila msomaji ana orodha yake ya uongo anaoukubali na uongo anaoukataa, na orodha hizo hazifanani.

Kuna hata hali ambapo ukweli ndio unaoonekana uongo. Mwandishi Jo Walton ameipa hali hii jina la Tiffany. Jina hilo lilitumika Ulaya tangu Enzi za Kati, likitokana na Theophania, ila leo msomaji akikutana na bibi wa kasri la karne ya 13 anayeitwa Tiffany atadhani mwandishi amesinzia. Kwa hiyo mwandishi aliyetafiti vizuri anaweza kuadhibiwa kwa utafiti wake, na aliyekisia akasifiwa kwa kuleta harufu ya zamani. Kinachopimwa hapo si historia bali picha ya historia iliyojengeka kichwani mwa msomaji, na mara nyingi picha hiyo imejengwa na riwaya nyingine za aina hiyohiyo.

Makosa ya viberiti na majina ni madogo. Ugomvi mkubwa unaanza pale ahadi zile mbili zinapogongana zenyewe, na hapo hakuna utafiti unaoweza kumwokoa mwandishi.

Tazama sheria. Kwa Uingereza ya 1815, mwanamke akiolewa, mali yake kwa kawaida ilipita mikononi mwa mume, isipokuwa ile ambayo familia yenye wanasheria wazuri iliweza kuifungia kwenye mikataba ya amana. Sheria zilizombadilishia hali hiyo zilikuja 1870 na 1882. Talaka inayoruhusu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria mahsusi ya Bunge kwa kila wanandoa, hadi mwaka 1857. Sasa mwandishi anatakiwa amfikishe binti yule kwenye mwisho mwema, na mwisho mwema katika tanzu hii kwa kawaida ni ndoa. Yaani furaha yake ni kuingia katika mkataba unaomvua umiliki na ambao karibu hauna mlango wa kutokea.

Waandishi wana njia mbili kuu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kumfanya mume awe mwema kupita kiasi: sheria inampa nguvu zote, naye kwa hiari hazitumii. Wasomaji wa mapenzi huiona hii kuwa ndoto tamu, na wasomaji wa historia hukumbuka kwamba wema wa bwana mkubwa si haki, kwani kesho anaweza kuamka vibaya. Ya pili ni kumfanya binti awe wa leo: anakataa kuolewa, anasoma udaktari kwa siri, anawaambia wanaume wa chumba kizima kwamba yeye si mali ya mtu. Msomaji mmoja anashangilia. Mwenzake anauliza: mawazo hayo ameyapata wapi, na kwa nini hayamgharimu chochote?

Swali la mwisho hilo ndilo ninaloliona kuwa la haki zaidi katika mjadala wote. Kusema kwamba wanawake wa zamani hawakuwa na fikra za uhuru ni uongo. Mary Wollstonecraft alichapisha utetezi wake wa haki za wanawake mwaka 1792, kabla hata ya Rejensi. Lakini alilipia. Mumewe alipochapisha habari za maisha yake baada ya kifo chake, jina lake lilichafuliwa kwa miaka mingi. Mhusika mwenye mawazo kama yake, anayeyatamka mezani wakati wa chakula na kupata tabasamu la kila mtu, hajatokea mapema mno. Amepewa zama zisizo na meno. Fikra si tatizo. Tatizo ni kwamba hazina bei.

Halafu kuna fedha. Dyuki ni tajiri, na utajiri wa makabaila wengi wa wakati ule ulitoka kwenye ardhi, ila kwa sehemu yao ulitoka pia kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani yaliyolimwa na watumwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini watumwa wenyewe hawakuachwa huru hadi sheria ya 1833, na Bunge likatenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu. Msomaji anayelijua hilo huona kila dansi na kila kinara cha fedha kwa jicho jingine. Wapo wanaotaka mwandishi alitaje. Wapo wanaosema wamekuja kupumzika na dhuluma wanaiona ya kutosha kwenye habari. Siwezi kuwalaumu hawa wa pili kwa kuhitaji mapumziko. Ila mandhari yanapokuwa shamba lenyewe la watumwa, kama kwenye riwaya ya Kimarekani ya Gone with the Wind ya mwaka 1936, kimya au kupamba havibaki kuwa suala la ladha. Kitabu kile kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na kimekuwa kikishutumiwa kwa namna kinavyowachora watu Weusi kana kwamba walifurahia utumwa wao. Sifa na shutuma hizo zote ni za kitabu kilekile.

Ridhaa ndiyo inayogawa wasomaji kwa ukali kuliko yote. Mwaka 1972 Kathleen Woodiwiss alichapisha The Flame and the Flower, riwaya iliyofungua soko jipya la vitabu vinene vya mapenzi ya kihistoria vyenye matukio ya chumbani yaliyoandikwa waziwazi. Mapema kwenye kisa, mwanamume ambaye baadaye ndiye mpenzi na mume anambaka mhusika mkuu. Vitabu vingi vya miaka ile vilifuata mkondo huo. Wanaovitetea hutoa hoja mbili. Moja, kwamba zamani ilikuwa na ukatili huo. Mbili, na hii ina uzito zaidi, kwamba kwa wasomaji waliolelewa kuamini kuwa mwanamke mwema hatamani, kulazimishwa kwenye karatasi kulimwezesha mhusika kufika kwenye mahaba bila kubeba lawama ya kuyataka. Hoja ya pili inaeleza kwa nini vilisomwa, haielezi kwa nini visomwe leo kama mapenzi. Hoja ya kwanza ni dhaifu zaidi, kwa kuwa waandishi walewale waliohitaji ukatili wa zamani hawakuhitaji ndui yake wala vifo vyake vya uzazi.

Katika mgawanyiko huu, tofauti huwa ya kizazi mara nyingi. Msomaji aliyekutana na vitabu hivyo akiwa kijana anavikumbuka pamoja na ujana wake. Anayevifungua sasa hana kumbukumbu hiyo ya kumlainishia. Mtaalamu wa fasihi wa Ujerumani, Hans Robert Jauss, aliliita jambo hili upeo wa matarajio: kila msomaji huja na vitabu alivyowahi kusoma na maadili ya zama zake, na maana ya kitabu hupatikana pale upeo huo unapokutana na maandishi. Maneno yakibaki yaleyale na upeo ukabadilika, hukumu nayo itabadilika.

Kwa anayetaka tu kujua kama anunue au asinunue, maoni yanayopingana yanafaa kuliko sifa tupu, mradi asome sababu na si nyota. "Vita vingi, mahaba kidogo" ni lalamiko kwa mmoja na tangazo kwa mwingine. "Wanagombana kitabu kizima kwa jambo ambalo wangelimaliza kwa kuzungumza" ni kasoro ya usukaji wa kisa, na hiyo itamuudhi karibu kila mtu. "Mhusika mkuu wa kike ni wa kisasa mno" inahitaji swali moja zaidi, kama analipia usasa wake au hapana. Na kwa kuwa waandishi wengi wa tanzu hii huweka mwishoni kurasa chache za kueleza walichokitoa kwenye kumbukumbu za kale na walichokibadilisha, wapo wasomaji wanaoanzia huko, kisha ndipo warudi sura ya kwanza.