Watu wa Kutengenezwa, Mimba za Mashine na Safari ya Mirihi: Maswali ya Wazazi na Vijana

Mimi ni muuguzi wa watoto njiti. Siku za kliniki, kazi ya mizani na chanjo ikiisha, hubaki kidogo na wazazi wakauliza wanachotaka. Siku hizi maswali yametoka kwenye uji na homa yakapanda hadi angani: watu wanaooteshwa kwenye kioo, watoto wa kuchaguliwa vinasaba, binadamu wapya watakaoishi Mirihi. Nayajibu kwa uzito wake, maana nyuma ya kila swali kuna mwenye mimba, au mwenye mtoto mgonjwa, au kijana anayejiuliza ataikuta dunia ya namna gani.

Sista, wale watoto wanaokua kwenye vyungu vya kioo wako nchi gani?

Hawako nchi yoyote. Video inayowaonyesha, ile inayorushwa kwenye simu, ilitoka Desemba 2022, na ni picha za kompyuta mwanzo hadi mwisho. Aliyeitengeneza, Hashem Al-Ghaili, ni mtayarishaji wa filamu za sayansi anayeishi Ujerumani. Alikuwa anaonyesha wazo la kituo ambacho siku moja kingelea watoto 30,000 kwa mwaka. Ilivyokuwa ikirushwa kundi hadi kundi, maelezo hayo yalidondoka njiani, zikabaki picha peke yake. Mama mmoja mjamzito aliniambia hakulala vizuri siku mbili baada ya kuiona. Kama nawe ulishtuka, tuliza moyo.

Lakini watoto wa chupa si wapo?

Wapo, tena wengi. Wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Ila jina "mtoto wa chupa" linapotosha. Maabara hukutanisha yai na mbegu, hukitazama kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kwa siku chache, kisha hukirudisha kwenye mji wa mimba. Miezi yote inayofuata ni ya mama. Hata kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kwa kunakiliwa kutoka seli ya kondoo mwingine, alibebwa tumboni na kondoo jike na kuzaliwa mchanga kama mwana-kondoo yeyote. Yalijaribiwa mayai 277, akapatikana yeye mmoja.

Basi mashine ya kulea mimba imefikia wapi?

Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu wana-kondoo waliotolewa tumboni kabla ya wakati, ukuaji wao ukilingana na mimba ya binadamu ya wiki 23 hadi 24. Waliwaweka kwenye mfuko wa plastiki uliojaa majimaji yanayofanana na yale ya chupa ya uzazi. Kitovu kiliunganishwa na kifaa cha kuingiza oksijeni kwenye damu. Pampu haikuwapo, moyo wa mwana-kondoo mwenyewe ndio uliosukuma damu. Waliishi humo hadi wiki nne, mapafu yakakomaa, sufu ikaota, macho yakafunguka.

Aliyewahi kukesha na njiti ataelewa kwa nini habari ile niliisoma mara mbili. Mapafu ya mtoto wa wiki 23 hayako tayari kupokea hewa. Tunampa hewa ili aishi, na hewa hiyohiyo, pamoja na mashine inayoisukuma, inamuumiza. Mfuko ule unamwacha aendelee kuvuta maji kama alivyokuwa tumboni. Septemba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwakutanisha wataalamu kujadili masharti ya kuja kuujaribu kwa watoto wa binadamu. Lengo ni kumvusha mtoto wiki chache za hatari.

Na hapa lazima niseme jambo la kifua cha mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wa uzito mdogo waliowekwa ngozi kwa ngozi na mama mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali yao itulie, walikufa wachache kwa robo katika siku 28 za kwanza. Hiyo ndiyo huduma ya kangaruu. Inahitaji khanga, kiti kinachoegemea, na mama aliyeruhusiwa kukaa wodini na mwanawe.

Kwa nini mashine isianze tangu siku ya kwanza?

Kwa sababu ya kondo la nyuma. Watu hulichukulia kama uchafu unaotoka baada ya mtoto, kumbe ndilo mapafu yake, figo zake na jiko lake kwa miezi tisa. Linatengeneza homoni zinazobadilisha mwili mzima wa mama. Miezi ya mwisho linampitishia mtoto kinga za mama dhidi ya magonjwa ambayo mama aliwahi kuugua au kuchanjwa, na ndiyo maana tunasisitiza chanjo ya pepopunda kwa wajawazito.

Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliwahi kukuza viinitete vya panya ndani ya chupa zinazozunguka. Kazi yao ilitoka mwaka 2021. Vilifika kama siku ya 11, wakati mimba ya panya huchukua siku 19 au 20. Hapo vilikuwa vimekuwa vikubwa mno kulishwa na majimaji peke yake. Vilihitaji damu, na damu hiyo haikuwapo.

Ni kweli mwanaanga mmoja alirudi duniani DNA yake imebadilika, hafanani tena na pacha wake?

Si kweli, ingawa magazeti makubwa yaliandika hivyo. Scott Kelly alikaa siku 340 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2015 na 2016, huku pacha wake Mark akibaki duniani kama kipimo. Kilichobadilika ni utendaji wa jeni (ndivyo vinasaba), yaani zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimepunguza. Miezi sita baada ya kurudi, sehemu kubwa ilikuwa imerejea kawaida, ikabaki kama asilimia 7 ya mabadiliko hayo. Ni kama taa za nyumba: kuna zilizowashwa na zilizozimwa, nyumba ni ileile.

Sasa kwa nini wanasema watakaoishi Mirihi lazima wabadilishwe vinasaba?

Kwa sababu mwili wetu umezoea uzito wa dunia hii. Mahali pasipo na uzito, mifupa inayobeba mwili, kama nyonga, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya msongamano wa madini yake kila mwezi, na wanaanga hufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku kupambana na hilo. Jambo la pili ni mionzi. Kifaa kilichopanda na Curiosity, gari lisilo na mtu lililotumwa Mirihi, kilipima njiani, na hesabu ikaonyesha kwamba safari ya kwenda Mirihi na kurudi pekee ingempa mtu takriban milisivati 660 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Duniani, kwa wastani, mtu hupata kama milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili. Gawanya mwenyewe: ni mionzi ya zaidi ya miaka 270. Kikomo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600.

Ndipo wanaposema, tutafute jeni zitakazosaidia. Wapo watu waliozaliwa na badiliko kwenye jeni iitwayo LRP5, mifupa yao ni migumu kupita kawaida, lakini baadhi yao hupata shida kuelea majini. Yupo pia mdudu mdogo sana wa majini, tadigradi, anayevumilia mionzi mikali kwa msaada wa protini iitwayo Dsup. Mwaka 2016 watafiti wa Japani waliipachika jeni yake kwenye seli za binadamu maabara, na madhara ya eksirei yakapungua kwa takriban asilimia 40. Kila mtu alifurahi. Mwaka 2023 utafiti mwingine ukaijaribu protini hiyohiyo kwenye seli za neva, na humo ikaongeza uharibifu wa DNA badala ya kuupunguza. Kinga ya seli moja imekuwa sumu ya nyingine, na mwili wa mtu una zote mbili.

Lakini jeni nzuri si nzuri tu? Wachague nzuri, waache mbaya.

Swali hili nimelipata kwa kijana wa kidato cha nne, na jibu lake liko kwetu hapahapa. Mtoto akirithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu hupinda kama mundu, zinaziba mishipa, anapata maumivu makali, anaishiwa damu. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui selimundu, na tena anakingwa sana dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha uhusiano huo mwaka 1954 kwa kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki. Ndiyo sababu jeni hii imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipo na mbu, na imepungua nyanda za juu zenye baridi.

Sasa niambie, hiyo ni jeni nzuri au mbaya? Kwa mtoto wa ukanda wa mbu mwenye nakala moja, imemwokoa. Kwa nduguye mwenye nakala mbili, ni mateso. Wangekuwa Mirihi, ambako hakuna mbu, isingekuwa na faida hata chembe. Thamani ya jeni inategemea iko na jeni gani nyingine, na mwenye nayo anaishi wapi. Anayemchagulia mjukuu wake jeni leo anamchagulia nchi, maji na magonjwa ambayo yeye mwenyewe hajayaona. Nikisikia mtu anazungumzia "binadamu bora", namkumbuka mtoto wa selimundu anayelia usiku wodini, na nduguye mwenye afya aliyekaa pembeni ya kitanda.

Kuna binadamu aliyewahi kubadilishwa jeni kweli?

Wapo, ila tutenganishe mambo mawili. La kwanza ni kubadilisha kiinitete, badiliko likaenda hadi kwa watoto na wajukuu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao aliigusa jeni yao ya CCR5 ili wasipate virusi vya UKIMWI, kwa kuwa baba yao alikuwa navyo. Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Jambo lile liliniuma. Sisi tunajua njia salama za mtu mwenye virusi kupata mtoto asiye navyo: dawa za kufubaza zinywe kila siku bila kuruka, virusi vishuke hadi visionekane kwenye kipimo. Watoto wale hawakuwa na ugonjwa wowote wa kutibiwa.

La pili ni kumtibu mtu aliyekwisha zaliwa, badiliko likaishia kwake. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, hurekebishwa maabara ili zitengeneze tena himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya aina ile ya mtoto akiwa tumboni, kisha hurudishwa. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Lakini kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uloto, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, dawa inayoweza kuharibu uzazi. Na bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Mwanamke anaweza kubeba mimba angani?

Hakuna binadamu aliyetungwa wala kuzaliwa angani, na mjamzito haruhusiwi na NASA kuruka. Wajapani walipeleka viinitete vya panya kwenye kituo cha anga mwaka 2021, vikakua siku nne za mwanzo bila tatizo kubwa. Kutoka siku nne hadi mtoto aliyesimama dede kwenye Mirihi, ambako uzito wake ungekuwa kama theluthi moja na kidogo ya wa hapa, ni njia ndefu sana.

Mtoto aliyelelewa na mashine atakuwa mtu kamili? Atakuwa na roho?

Aliuliza bibi mmoja aliyemleta mjukuu kliniki. Nilimwonyesha chumba cha njiti. Kule ndani mtoto hulishwa kwa mrija na hupashwa joto na taa, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ni mtu. Nami naamini hivyohivyo kwa yeyote atakayezaliwa kwa njia yoyote: ni mtoto, ana haki ya jina, ya nasaba, ya mtu wa kumwita mama. Ninachokihofia ni mtu kuumbwa kwa ajili ya kazi, mwenye mifupa ya Mirihi kwa sababu kampuni inahitaji wachimbaji wa Mirihi. Huyo ameamuliwa maisha kabla hajalia kilio cha kwanza, na akitaka kurudi nyumbani duniani, mwili wake huenda ukamkatalia.

Mwanangu ana selimundu, ana miaka mitatu. Nisubiri hiyo tiba ya jeni?

Hapana mama, usisubiri. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo muulize daktari wako kama mwanao anafaa na kama kuna ndugu wa kufanana naye. Wakati huohuo mpe penisilini yake kila siku hadi afike miaka mitano, pamoja na foliki asidi. Kamilisha chanjo, hasa ya nimonia. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na ufuate dawa ya kuzuia malaria uliyoandikiwa. Anywe maji mengi, asikae kwenye baridi. Uliza kuhusu haidroksiurea: hupunguza mashambulizi ya maumivu, na inatumika hapa kwetu leo.

Akipata homa, hata ikiwa ndogo, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto chini ya mbavu, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane ya usiku.