Mahepe: kwa nini kirusi kinazidi ukali kwenye mabanda yaliyochanjwa

Chanjo ya mahepe (ugonjwa wa Marek) humkinga kuku na uvimbe, kupooza na kifo. Haimzuii kuambukizwa. Kuku aliyechanjwa akivuta vumbi lenye kirusi, kirusi huzaliana mwilini mwake, hufika kwenye mashina ya manyoya na kutoka pamoja na mba ya ngozi, huku mwenyewe akiendelea kutaga.

Kwa kawaida kirusi kikali mno hujikatia njia, kwa sababu humuua kuku kabla hajaambukiza wengi. Mwaka 2015 watafiti Andrew Read, Venugopal Nair na wenzao walichapisha majaribio yaliyoonyesha hilo. Kuku wasiochanjwa waliopewa aina kali kabisa walikufa ndani ya siku 10 hivi, karibu bila kutoa kirusi. Waliochanjwa kwa HVT (chanjo ya kirusi cha bata mzinga) waliishi, wakakitoa kwa wiki kadhaa na kuambukiza wenzao.

Historia ya Marekani inakwenda sambamba na hayo. HVT ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya muongo kwisha, makundi yaliyochanjwa yakaanza kuugua. Ikaongezwa chanjo ya SB-1, kisha miaka ya 1990 zikaja aina za kirusi zilizo kali zaidi, na chanjo ya CVI988 (Rispens) ikashika nafasi. Msongamano wa kuku nao umechangia, nisiitwishe chanjo mzigo wote. Kwenye jeni, alama inayofuatiliwa zaidi ni meq, jeni la uvimbe: aina kali huwa na mabadiliko kwenye sehemu yake yenye prolini (kijenzi cha protini) nyingi.

Basi, tuache kuchanja? Hapana kabisa! Kundi lisilochanjwa ndilo litakaloangamia likikutana na aina hizi. Tuchanje vizuri.

Chanjo iliyogandishwa hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa kuwa virusi vyake vimo ndani ya seli hai. Iyeyushe haraka kwenye maji ya nyuzi 27 hivi, uichanganye na kimiminika chake: mililita 200 kwa dozi 1,000, yaani 0.2 kwa kila kifaranga, chini ya ngozi ya shingo, siku ya kwanza. Tikisa taratibu mara kwa mara, umalize ndani ya saa moja. Ukiipunguza ili itoshe vifaranga wengi, au ikiyeyuka njiani na kugandishwa tena, umechoma maji.

Kinga huhitaji takribani wiki moja kujengeka, na vumbi la zamani huambukiza kwa miezi. Kwa hiyo toa maranda yote, futa vumbi hadi kwenye kenchi, osha, ndipo upulize dawa. Usilete vifaranga karibu na kuku wakubwa.

Vifo vikitokea licha ya hayo, peleka maabara manyoya machanga na wengu. Waeleze ni chanjo gani ilitumika: CVI988 ni ya kundi moja na kirusi cha ugonjwa, na kipimo kisichotofautisha viwili hivyo kitasoma chanjo kama maambukizi.