Je, wajua kwa nini watu waliangalia mchoro kwa darubini?

Mwishoni mwa Aprili 1859, kwenye jengo la wachoraji lililokuwa Mtaa wa 10 mjini New York, watu walipanga foleni kwenda kuona picha moja tu. Kiingilio kilikuwa senti 25. Chumba kilitiwa giza, mwanga ukaelekezwa ukutani, na picha ikazungushiwa fremu nzito ya mbao yenye mapazia, mfano wa dirisha la jumba kubwa. Watazamaji walishaambiwa waje na darubini ndogo, zile ambazo wenye nafasi walizitumia kuwatazama waigizaji jukwaani. Wakakaa kwenye mabenchi, wakainua darubini, wakaanza kuisafiri picha ile kipande kwa kipande. Ndani ya wiki chache walifika watu wapatao 12,000.

Darubini ya nini, na picha iko mbele ya macho, upana mita tatu?

Tuikaribie. Inaitwa Moyo wa Andes, na aliyeichora ni Frederic Edwin Church, kijana wa Connecticut ambaye wakati huo hata miaka 33 alikuwa hajatimiza. Kushoto, chini, jua limepiga shina la mti, na kwenye gome lake kuna jina la mchoraji na mwaka 1859, kana kwamba kavichonga kwa kisu. Kuna mikangaga, mitambaazi na maua, kila kimoja na umbo lake, hata mtu aliyesomea mimea anaweza kutambua mengi. Katikati maji yanaporomoka. Ng'ambo ya maji kuna kijiji na kanisa. Mbali kabisa, juu kushoto, mlima Chimborazo wa Ekwado umevaa theluji. Ukirudisha darubini kwenye kijia cha kushoto, unawakuta watu wawili mbele ya msalaba wa mbao. Ni wadogo mno kwenye picha kubwa vile. Asiyeangalia kwa makini anawapita.

Mimi msalaba ule ndio ulionifanya nianze kuuliza. Mtu aliyehangaika na jani kama mtaalamu wa mimea, msalaba aliuweka wa nini? Siku hizi tumezoea kudhani kwamba anayepima mawe na anayesali ni watu wawili wasioelewana. Church asingetuelewa. Kwake, kulichora jani kwa usahihi kulikuwa tayari ni nusu ya sala.

Wazo hilo alilikuta. Waprotestanti wa Marekani walilelewa wakiamini kwamba Mungu ameandika vitabu viwili: Maandiko, na maumbile. Zaburi ya 19 inasema, "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Kama anga linatangaza, basi anayechora wingu kwa uzembe amelinukuu vibaya tangazo. Nchi yao pia ilikuwa changa, haikuwa na makanisa ya mawe ya miaka 800 kama Ulaya. Ilichokuwa nacho ni misitu, mito na milima, na wachoraji wakayafanya hayo kuwa hekalu.

Mwalimu wa Church alikuwa Thomas Cole, Mwingereza wa kuzaliwa aliyehamia Marekani mwaka 1818. Mwaka 1836 Cole alichora bonde la mto Connecticut kama linavyoonekana kutoka mlima Holyoke, Massachusetts, mahali ambapo mto umejipinda kama kwato. Kwenye kilima cha mbali kuna mabaka yaliyofyekwa msituni, na wapo wanaoyasoma kama herufi za Kiebrania: jina la Nuhu, na ukiigeuza picha juu chini, Shadai, yaani Mwenyezi. Maandishi ya Mungu, basi, yako juu ya ardhi yenyewe.

Mwaka huohuo, katika bonde hilohilo, Edward Hitchcock alitangaza nyayo za ajabu zilizogandishwa kwenye mawe. Hitchcock alikuwa mchungaji wa kanisa na papo hapo mwalimu wa sayansi katika Chuo cha Amherst. Alidhani nyayo zile ni za ndege wakubwa mno wa zama za kale. Leo tunajua zilikuwa za dinosaria. Mawe yalimwambia kwamba dunia ni kongwe kupita hesabu yoyote ya vizazi vya Biblia, na hakukimbia. Mwaka 1851 alitoa kitabu kizima kueleza jinsi jiolojia na dini zinavyoweza kukaa nyumba moja. Mto nao ulitoa somo lake: mwaka 1840, miaka minne tu baada ya picha ya Cole, mafuriko yaliikata shingo ya kwato ile na maji yakapata njia ya mkato. Alichokichora Cole kama mandhari iliyotulia kilikuwa kazi inayoendelea.

Church alipokea kutoka kwa Cole imani kwamba mandhari inaweza kuhubiri. Namna ya kuhubiri ndiyo aliyoipata kwingine, kwa Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri wa Ujerumani.

Humboldt aliupanda Chimborazo mwaka 1802. Hakufika kileleni, lakini alipanda juu kuliko watu waliorekodiwa kabla yake, akiwa na vipimajoto na vipimahewa, akiandika kila mmea na kimo ulikoota. Baadaye aliuchora mlima kama uliopasuliwa katikati, majina ya mimea yakiwa yamepangwa kwa urefu kutoka usawa wa bahari: chini misitu ya joto, juu zaidi miti ya baridi, kisha nyasi, kisha mawe, kisha theluji. Aliyeutazama Kilimanjaro kutoka kwenye migomba ya Wachaga hadi kwenye barafu anajua mara moja anachokisema. Mlima mmoja wa karibu na Ikweta unabeba hali ya hewa za dunia nzima, zimepangwa kama rafu.

Katika kitabu chake Kosmos, kilichoanza kutoka mwaka 1845, Humboldt aliwasihi wachoraji waende nchi za joto, wachore kila kitu papo hapo kwa ukweli wake, kisha warudi nyumbani na kuviunganisha vipande mpaka mtazamaji auone umoja wa maumbile. Church alilichukua agizo hilo kama lilivyo. Alikwenda Amerika Kusini mwaka 1853, akarudi tena 1857, akifuata njia alizopita Humboldt. Alijaza madaftari: jani hili, wingu lile, mstari wa mlima saa ya jioni. Ndiyo maana Moyo wa Andes si picha ya mahali pamoja. Hakuna sehemu utakayosimama Ekwado ukaona vyote vile kwa mpigo. Kila kipande ni cha kweli, mpangilio ni wa Church, na kutoka kwenye mitambaazi hadi kwenye theluji jicho linapanda rafu zile zile za Humboldt.

Humboldt hakuwa mtu wa kumtaja Mungu katika sayansi yake. Aliusifu umoja wa maumbile akaishia hapo. Msalaba umewekwa na Church. Naona hapo ndipo ujasiri wa picha hii ulipo: amemtii mwanasayansi kwa kila jani, kisha akasema ni nani anayeufanya umoja ule uwe umoja.

Alitaka sana mzee aione. Alipanga kuisafirisha hadi Berlin ili Humboldt, akiwa na miaka 89, aonyeshwe tena mlima aliouacha ujanani. Humboldt alifariki tarehe 6 Mei 1859, foleni ya Mtaa wa 10 ikiwa bado ndefu. Picha ikauzwa dola 10,000, bei ambayo hakuna mchoraji wa Marekani aliye hai aliyewahi kulipwa hadi wakati huo.

Novemba mwaka huohuo, London, Charles Darwin akatoa kitabu chake kuhusu chanzo cha spishi. Kinachonigusa ni kwamba Darwin naye alikuwa mtoto wa Humboldt kifikra. Alisafiri na vitabu vyake ndani ya meli ya Beagle, na ndivyo vilivyomtia hamu ya kusafiri. Yeye na Church walikunywa kisima kimoja, wakatoka na habari mbili. Church alipotazama msitu aliona mpango na utulivu. Darwin aliona mimea inayogombea mwanga, mingi ikishindwa, na aina mpya zikizaliwa katika ugomvi huo. Picha za Church hazikukanushwa jani hata moja. Kilichoanza kuyumba ni ile maana iliyowekwa juu ya majani, na kadiri miaka ilivyokwenda wanunuzi wakahamia kwenye mitindo mingine. George Inness, kwa mfano, mfuasi wa mafundisho ya Swedenborg, Mswidi aliyefundisha kwamba vitu vya dunia ni ishara za ulimwengu wa roho, aliacha majani kabisa akachora ukungu na mwanga wa jioni, akitafuta roho bila kuhesabu chochote.

Church hakuhama. Machi 1865 dondakoo iliwaua watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, ndani ya siku chache. Hao ndio watoto pekee aliokuwa nao. Yeye na mkewe walikwenda Jamaika, na huko akafanya kitu pekee alichokijua: akachora mimea, mawingu na milima, karatasi baada ya karatasi. Mwaka uliofuata alimaliza picha ya msimu wa mvua katika nchi za joto. Ndani yake mvua bado inanyesha upande mmoja, jua limeshatoka upande mwingine, na kutoka jabali hadi jabali kuna upinde wa mvua mara mbili, kama unavyotokea kweli mwanga unapojirudia ndani ya matone. Kwa msomaji wa Biblia, upinde huo ndio ahadi aliyopewa Nuhu maji yalipokauka.